Dirisha, Ukuta na Baraza: Usanifu wa Majengo, Tiba ya Akili na Suala la Usawa, 1796–2016

Ikisiri

Insha hii inafuatilia historia ya majengo yaliyosanifiwa kwa ajili ya watu wenye maradhi ya akili, kuanzia nyumba iliyofunguliwa York, Uingereza, mwaka 1796 hadi tiba ya benchi iliyofanyiwa utafiti mjini Harare na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2016. Mhimili wake ni hospitali ya Mathari, Nairobi. Hoja kuu ni kwamba jengo halitibu kwa umbo lake peke yake. Hutibu au hudhuru kwa kadiri linavyogawa mwanga, nafasi na ukaribu wa jamaa baina ya watu. Aidha, insha inaonyesha kwamba ufinyu wa jengo la kikoloni ulizaa takwimu ambazo baadaye zilisomwa kana kwamba ni sifa ya akili ya Mwafrika.

1. Utangulizi

Katika mazungumzo ya kila siku nchini Tanzania, kumwambia mtu kwamba anafaa kupelekwa Mirembe ni kumtukana. Nchini Kenya jina la Mathari hutumika vivyo hivyo, na nchini Uganda jina la Butabika. Hospitali nyingine hazina bahati mbaya ya namna hii. Jina la hospitali ya mkoa huwa ni jina la mahali tu. Jina la hospitali ya akili limekuwa jina la maradhi yenyewe, na hata la mtu anayeugua. Jambo hili linaashiria kwamba katika fikra za watu jengo na ugonjwa vimeshikamana kiasi kwamba ni vigumu kuvitenganisha.

Tafiti nyingi za historia ya tiba ya akili katika Afrika ya Mashariki zimejishughulisha na sheria, madaktari na nadharia zao. Jengo limechukuliwa kuwa pazia la nyuma tu la jukwaa. Insha hii inaliweka jengo mbele. Inauliza maswali matatu: ni fikra zipi zilizoongoza usanifu wa majengo haya? Fikra hizo zilibadilika vipi zilipohamishiwa makoloni? Na je, kulikuwa na njia nyingine ya kujenga, iliyoanza na maisha ya wagonjwa wenyewe?

Njia iliyotumika ni ya historia linganishi. Maeneo matano yameteuliwa: York, Marekani ya Kaskazini-Mashariki, Nairobi, Blida nchini Aljeria na Abeokuta nchini Nigeria. Mwishoni pwani ya Waswahili na Harare zinaingizwa kwa sababu zinatoa mfano wa usanifu mdogo kabisa, yaani mahali pa kukaa na kuzungumza. Neno “usawa” linatumika hapa kwa maana ya kila mtu kupata kile kinachomfaa ili apone, wala si kila mtu kupewa kitu kilekile. Tofauti hiyo itadhihirika katika sehemu ya nne.

2. Dirisha la York na nadharia ya jengo linalotibu

Mwaka 1790 mjane mmoja aitwaye Hannah Mills, wa dhehebu la Quaker, alifariki katika hospitali ya wendawazimu ya mji wa York. Waumini wenzake walikuwa wamekwenda kumjulia hali, wakazuiwa mlangoni. Kifo hicho kilimsukuma mfanyabiashara William Tuke na wenziwe kuanzisha nyumba yao, iliyofunguliwa mwaka 1796 ikaitwa The Retreat. Chanzo cha usanifu mpya, basi, kilikuwa mlango uliofungwa mbele ya jamaa.

Nyumba hiyo ilijengwa nje ya mji, mahali palipoinuka, ikiwa na bustani. Jambo linalotajwa mara nyingi na wanahistoria ni madirisha yake. Vyuma vilivyohitajika kwa usalama vilifichwa ndani ya fremu zilizofanana na za mbao, ili mgonjwa asihisi kwamba anatazama nje kutoka gerezani. Minyororo iliondolewa. Kazi za mikono, chai ya pamoja na mazungumzo ya heshima vikachukua nafasi yake. Mjukuu wa mwanzilishi, Samuel Tuke, alieleza mfumo huo katika kitabu alichochapisha mwaka 1813, na sifa zake zikavuka bahari.

Nchini Marekani daktari Thomas Story Kirkbride aliigeuza fikra hiyo kuwa kanuni za ujenzi. Katika kitabu chake cha mwaka 1854 alieleza mambo kwa undani wa fundi: upana wa korido, njia za hewa, mabomba ya maji, mandhari ya nje. Jengo lake lilikuwa na sehemu ya kati na mabawa mawili yaliyorudi nyuma hatua kwa hatua, ili kila wadi ipate upepo na mwanga wake. Alisisitiza kwamba hospitali moja isizidi wagonjwa 250, kwa kuwa daktari mkuu alipaswa kumjua kila mmoja wao. Kwake yeye jengo lenyewe lilikuwa sehemu ya dawa.

Kanuni hiyo ya idadi haikudumu. Mwaka 1866 chama cha wakuu wa hospitali hizo kiliridhia majengo ya watu 600. Hospitali ya Greystone Park, New Jersey, iliyofunguliwa mwaka 1876 kwa mpango wa Kirkbride, ilikuwa na zaidi ya wagonjwa 7,000 katikati ya karne ya 20. Mabawa yaliyokusudiwa kuleta hewa yakajaa vitanda hadi kwenye korido. Umbo la jengo lilibaki lilelile, lakini tiba ilikuwa imetoweka.

Zaidi ya hayo, si wote waliokaribishwa katika majengo hayo. Jimbo la Virginia, baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, lilianzisha hospitali ya pekee kwa ajili ya watu Weusi. Jimbo la Maryland lilifuata mwaka 1911 na hospitali ambayo baadaye iliitwa Crownsville. Huko wagonjwa Weusi wenyewe ndio waliofyeka msitu na kujenga majengo ambamo wangefungiwa. Kwa mgonjwa wa York kazi ya mikono ilikuwa njia ya kumrudishia heshima, ilhali kwa mgonjwa wa Crownsville neno hilohilo la “kazi” lilimaanisha kutumikishwa.

Ushahidi wa kitakwimu wa jambo ambalo Tuke na Kirkbride walilisadiki ulipatikana baadaye sana. Mwaka 1984 mtafiti Roger Ulrich alichapisha katika jarida la Science ulinganisho wa wagonjwa 46 waliofanyiwa upasuaji wa kuondoa kifuko cha nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania. Nusu yao walilala katika vyumba vilivyotazama miti, na nusu katika vyumba vilivyotazama ukuta wa matofali. Wale wa miti walitoka hospitalini mapema zaidi na walihitaji dawa kali za maumivu kwa kiasi kidogo zaidi. Hawakuwa wagonjwa wa akili, na idadi yao ilikuwa ndogo, lakini utafiti huo umenukuliwa sana na wasanifu majengo. Swali ambalo hunukuliwa kwa nadra ni hili: vyumba vinapotofautiana hivyo, ni nani anayepewa kitanda cha dirishani? Historia ya Nairobi inatoa jibu moja.

3. Mathari: jengo linapogawa rangi

Kabla ya Mathari, wamisionari wa Kijerumani wa Betheli walikuwa na makazi huko Lutindi, katika milima ya Usambara. Yalianza kama kituo cha watoto waliokombolewa utumwani, na kuanzia mwaka 1904 yakapokea wagonjwa wa akili. Lutindi ilifuata mtindo wa makazi yenye mashamba na kazi. Serikali ya Waingereza katika eneo lililokuja kuitwa Kenya ilichukua njia nyingine. Mwaka 1910 ilifungua nyumba ya wendawazimu Nairobi, katika majengo yaliyokuwa yametumika kuwatenga wagonjwa wa ndui.

Uteuzi huo wa mahali unahitaji kuzingatiwa. Jengo la ndui husanifiwa kwa lengo moja, nalo ni kumweka mtu mbali na wengine. Halihitaji bustani, wala chumba cha wageni, wala mahali pa kuzungumza. Wagonjwa wa akili walipowekwa humo walirithi pamoja na kuta hizo maana yake, kwamba walikuwa hatari ya kuambukiza mji. Kwa hiyo nadharia ya York haikufika Nairobi ikiwa nzima. Neno la hospitali lilifika, na mwaka 1924 likaingizwa katika jina rasmi la mahali hapo. Dirisha halikufika.

Ndani ya ukuta kulikuwa na kuta nyingine. Wazungu, Wahindi na Waafrika walitengewa sehemu tofauti, na ubora wa makazi ulifuata ngazi ya rangi kama ulivyofuata katika mitaa ya Nairobi yenyewe. Waafrika ndio waliokuwa wengi zaidi na ndio waliosongamana zaidi. Ramani ya hospitali ilikuwa nakala ndogo ya ramani ya mji.

Hadi hapa historia hii yaweza kusomwa kama sura moja zaidi ya ubaguzi wa kikoloni. Lakini jengo la Mathari lilifanya jambo zaidi ya kubagua. Lilizalisha maarifa. Daktari J. C. Carothers, aliyeiongoza hospitali hiyo kuanzia mwaka 1938 hadi mwaka 1950, alichapisha mwaka 1947 uchunguzi uliotegemea wagonjwa wa Kiafrika waliolazwa hapo. Alilinganisha kiwango cha kulazwa kwao na viwango vya Uingereza na Marekani, akakuta kwamba cha Kenya kilikuwa cha chini mno. Alikuta pia kwamba waliofanya kazi mbali na kwao walilazwa kwa wingi zaidi kuliko waliobaki vijijini. Kutokana na hayo alijenga hoja kwamba wazimu ulikuwa nadra kwa Mwafrika aliyebaki katika maisha ya jadi, na kwamba kugusana na ustaarabu wa kigeni ndiko kulikomvuruga. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika katika afya na maradhi, na mwaka uliofuata serikali ya Kenya ikachapisha maelezo yake kuhusu saikolojia ya Mau Mau.

Tukiziangalia takwimu hizo kutoka upande wa jengo, maana yake inabadilika. Idadi ya wanaolazwa haiwezi kuzidi kwa mbali nafasi iliyopo. Nchi nzima ilikuwa na hospitali moja, mjini Nairobi. Familia ya Turkana, ya Lamu au ya pwani ya Ziwa Viktoria haikuwa na sababu ya kumpeleka mgonjwa wake safari ya siku nyingi ili akafungiwe nyuma ya ukuta wa ndui. Waliolazwa walikuwa hasa wale walioanguka mikononi mwa polisi na mahakama, yaani watu wa mijini, wa mashamba ya walowezi na wa safari, walio mbali na jamaa ambao wangewatunza. Kwamba kibarua wa mbali alilazwa zaidi kuliko mkulima wa kijijini hakuhitaji kuelezwa kwa udhaifu wa akili yake mbele ya ustaarabu. Kunaelezeka kwa umbali wa ndugu zake na ukaribu wa lango.

Hapa ndipo insha hii inapoweka uzito wake. Ubaguzi wa usanifu haukuishia kwenye starehe, kwamba huyu alilala vizuri na yule vibaya. Uchache wa vitanda uligeuzwa kuwa uchache wa ugonjwa, na uchache wa ugonjwa ukageuzwa kuwa ushahidi kwamba vitanda zaidi havikuwa na dharura. Jengo dogo lilijihalalisha lenyewe. Mtafiti wa leo anayetumia takwimu za hospitali kukadiria ukubwa wa tatizo katika eneo lisilo na huduma yumo katika hatari ya kurudia kosa hilohilo, hata kama hana nadharia ya rangi.

4. Blida na Abeokuta: kujenga kwa kufuata maisha ya mgonjwa

Wakati kitabu cha Carothers kilipokuwa kikisambazwa, madaktari wawili katika pande mbili za Afrika walikuwa wakijaribu njia tofauti. Wa kwanza ni Frantz Fanon, aliyefika hospitali ya Blida-Joinville, Aljeria, mwaka 1953. Alisimamia wadi ya wanawake wa Kizungu na wadi za wanaume Waislamu. Alianzisha kote mambo aliyojifunza Ufaransa: mikutano, filamu, gazeti la hospitali, sherehe na kazi za mikono. Kwa wanawake wa Kizungu mafanikio yalionekana upesi. Kwa wanaume Waislamu hayakuonekana.

Mwaka 1954 Fanon na mwenzake Jacques Azoulay walichapisha makala wakikiri kushindwa huko na kukieleza chanzo chake. Wagonjwa walikuwa wamepewa mahali pa kukusanyika palipobuniwa kwa utamaduni wa wengine. Ukumbi wa sherehe haukuwa na maana kwa mtu ambaye katika maisha yake wanaume hukutana mkahawani na msikitini. Hatua zilizofuata zilikuwa kufungua mkahawa wa Kimoor ndani ya hospitali, kuadhimisha sikukuu za Kiislamu na kumwalika msimulizi wa hadithi. Funzo lake kwa mada hii ni bayana: huduma zilezile katika wadi mbili zilileta matokeo yasiyo sawa. Usawa ulidai nafasi mbili tofauti. Fanon baadaye alimkosoa Carothers waziwazi katika kitabu chake cha mwisho, cha mwaka 1961, lakini ukosoaji wake wa kwanza wa vitendo ulikuwa ule mkahawa.

Wa pili ni Thomas Adeoye Lambo, daktari Mnigeria aliyerejea kutoka Uingereza akapewa kuongoza hospitali mpya ya Aro, Abeokuta. Mwaka 1954 majengo ya hospitali yalikuwa hayajakamilika. Lambo aliutumia upungufu huo kuwa msingi wa mpango wake. Wagonjwa walipangishiwa vyumba katika nyumba za wanakijiji wa jirani, kila mmoja akifuatana na angalau ndugu mmoja wa kumpikia na kumtunza. Mchana walikwenda hospitali kwa tiba, jioni wakarudi kijijini. Waganga wa jadi walishirikishwa. Wanakijiji nao walinufaika kwa kodi, kwa mikopo ya kuongeza vyumba na kwa uboreshaji wa maji na vyoo.

Mlango uliomzuilia Hannah Mills jamaa zake mwaka 1790 ulipata jibu lake kamili Aro, ambako mgonjwa hakupokelewa bila jamaa. Hata hivyo mfumo huo haukukosa gharama. Ndugu aliyeandamana na mgonjwa aliacha shamba au biashara yake, na mgonjwa asiye na ndugu alikuwa na nafasi finyu katika mpango uliomtegemea ndugu. Mzigo ambao jengo liliuondoa katika bajeti ya serikali ulihamia katika mabega ya familia. Tanzania nayo baada ya uhuru ilianzisha vijiji vya urekebishaji ambamo wagonjwa walilima, kimojawapo kikiwa Vikuruti, nje ya Dar es Salaam. Vijiji hivyo vilikusudiwa kupunguza utegemezi kwa Mirembe, hospitali iliyoanzishwa Dodoma mwaka 1927, ambayo kwa mgonjwa wa Mtwara au Bukoba ilikuwa mbali kama vile Mathari ilivyokuwa mbali na Lamu.

5. Baraza na benchi

Pwani ya Waswahili ina urithi wake wa usanifu unaohusu afya ya akili, ingawa haukuwahi kuitwa hivyo. Nyumba ya mawe ya Lamu au ya Mji Mkongwe wa Zanzibar haimwingizi mgeni ndani moja kwa moja. Mbele ya mlango kuna baraza, kiti cha mawe kilichojengewa ukutani, ambako jirani huketi, hupashana habari, hucheza bao na hutoa ya moyoni. Baraza ni la mwenye nyumba na ni la mtaa kwa wakati mmoja. Mtu hahitaji kualikwa ili aketi, wala hahitaji kujieleza kwa nini ameketi. Lakini nalo lina mipaka yake. Kwa desturi lilikuwa la wanaume. Wanawake walikuwa na ua na vyumba vya ndani, na mambo yao yakazungumzwa huko. Anayelisifu baraza kama mfano wa usanifu unaoponya hana budi kuuliza pia ni nani aliyepita mbele yake bila kuketi.

Swali hilo linapata jibu la kuvutia mjini Harare. Mwaka 2006 daktari wa akili Dixon Chibanda alianza kuwafunza wanawake wazee, wahudumu wa afya wa mtaa wa Mbare, mbinu ya kumsikiliza mtu na kumsaidia kutatua matatizo. Zahanati hazikuwa na chumba cha kuwapa. Wakawekewa benchi la mbao nje. Mwanzoni jina la benchi lilitaja afya ya akili, na watu hawakutaka kuonekana wakiliketia. Wale wazee wenyewe walishauri liitwe benchi la urafiki. Matokeo ya utafiti uliofanyika katika zahanati 24 na kuwahusisha watu 573 yalichapishwa mwaka 2016. Baada ya miezi sita, waliopata huduma ya benchi walikuwa na dalili chache zaidi za sonona na wasiwasi kuliko waliopata huduma ya kawaida.

Kama ilivyokuwa Aro, ukosefu wa jengo ndio uliofungua njia. Ni lazima, hata hivyo, kujihadhari na hitimisho rahisi kwamba maskini hawahitaji majengo. Benchi liliwafaa watu wenye sonona na wasiwasi wa kawaida. Mtu aliye katika hali kali anahitaji chumba, kitanda, maji na faragha, na kumpa benchi badala ya wadi nzuri ni kumrudisha katika ngazi ileile ya Mathari kwa jina tamu zaidi.

6. Hitimisho

Insha hii imeonyesha kwamba fikra ya jengo linaloponya ni ya zamani na ina ukweli ndani yake, lakini imeharibika kila ilipotenganishwa na swali la mgawanyo. Mpango wa Kirkbride ulizidiwa na idadi ya wagonjwa, York ilipofika Nairobi ilifika bila dirisha, na ukumbi wa Blida ulibaki bila watu hadi mkahawa ulipofunguliwa. Pale palipokuwa na mafanikio, kama vile Aro na Harare, msanifu alianza na uhusiano uliokuwapo tayari baina ya watu, kisha akautafutia mahali.

Kwa historia ya tiba ya akili katika Afrika ya Mashariki yapo matokeo mawili. La kwanza ni la kimbinu: rekodi za hospitali za kikoloni zisomwe pamoja na ramani zake, idadi ya vitanda vyake na umbali wa wilaya zilizohudumiwa, kwa sababu bila hayo mtafiti huhesabu kuta akidhani anahesabu wagonjwa. La pili linahusu ujenzi wa sasa. Mchoro wa wadi mpya unapowasilishwa, pamoja na gharama na idadi ya vitanda, yafaa kuulizwa ndugu wa mgonjwa atalala wapi, dirisha linatazama nini, wanawake wataketi wapi kuzungumza, na mtu wa wilaya ya mbali atatumia siku ngapi kufika langoni. Hayo ni maswali ambayo mwaka 1910 hayakuulizwa, na jina la Mathari bado linalipia.